Nyumba Ikiwa Ndogo kwa Mwanakondoo

Hoja iliyo mezani ni hii: Alhamisi Kuu, siku Wakristo wanapokumbuka Karamu ya Mwisho, waumini wa Naliendele waandae meza ya Pasaka jinsi Wayahudi wanavyoiandaa, yenye mkate usiotiwa chachu, mboga chungu na vikombe vinne vya divai? Vijana wameiona meza hiyo kwenye simu zao, ikiandaliwa na makanisa ya Marekani na Ulaya, nao wanaitamani. Wazee wanaitilia shaka. Mimi nina upande wangu na sitauficha.

Naliendele panafaa kwa swali hili. Kata hii ya Manispaa ya Mtwara Mikindani ina kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa korosho wanakijua nchi nzima, na kazi za kituo zimeleta watu kutoka mikoa mingi, kila mmoja na kanisa lake. Wapo Wakatoliki na Waanglikana wa kusini, Walutheri, Wasabato na Wapentekoste, na wote wanaishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu. Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe ili kila upande upate msemaji wake.

KIJANA: Shikamoo, mwalimu. Yesu alikuwa Myahudi, na usiku ule alikula Pasaka. Sisi tunapokea hostia, tunarudi kwenye benchi, basi. Ukimuuliza mtu kwa nini mkate ule hauna chachu, hajui. Tukiandaa meza yao yote hata mtoto ataelewa. Ipo mikate mitatu. Wa kati unavunjwa na kufungwa kwenye kitambaa, kisha unafichwa. Mitatu ni Utatu Mtakatifu, na wa kati ni Mwana aliyevunjwa akazikwa. Huoni inavyoingia moyoni?

MWALIMU WA DINI: Marahaba, mwanangu. Naona, na kiu yako naipenda. Lakini meza unayoitaka siyo aliyoilia Yesu. Wakati wake Hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado limesimama. Mwanakondoo alichinjwa hekaluni, akaliwa usiku na watu waliokusanyika nyumba moja. Mwaka 70 Warumi walilibomoa Hekalu, na tangu hapo Wayahudi hawachinji tena. Kwenye sahani yao huwekwa mfupa wa ukumbusho. Utaratibu wa vikombe vinne tunausoma katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200. Mikate mitatu ni desturi ya baadaye zaidi. Wanaochinja mpaka leo ni Wasamaria wachache, katika Mlima Gerizimu. Sasa sisi tuchukue meza ya watu, tuiwekee maana ambayo wenyewe hawaikubali, halafu tuseme tumeifufua meza ya Yesu?

KIJANA: Lakini mwalimu, tunaifanya kwa heshima.

MWALIMU WA DINI: Heshima huanza kwa kujua yaliyompata mwenzako. Askofu Melito wa Sardi, karne ya 2, aliandika hotuba ya Pasaka yenye mafundisho mazuri mno kuhusu Kristo mwanakondoo. Humohumo akawashtaki Waisraeli kwamba wamemuua Mungu. Mbegu hiyo iliota. Kwa karne nyingi Juma Kuu lilikuwa juma la hofu kwa Wayahudi wa Ulaya. Huko Norwich, Uingereza, walisingiziwa mauaji ya mtoto wa Kikristo wa mwaka 1144, na uzushi wa namna hiyo ukakua hadi watu kudai kwamba Wayahudi huchanganya damu ya watoto katika mkate wa Pasaka. Mkate huuhuu unaotaka kuuvunja kwenye ukumbi wetu uliwagharimu watu roho zao. Kanisa Katoliki lilikuja kukataa rasmi kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate. Ni jana tu.

Hapa nasimama na mwalimu. Wayahudi wapo hai na Pasaka yao ipo hai, hata hapahapa Afrika Mashariki. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, jemadari aliyeachana na Ukristo wa wamisionari na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Waliobaki waliishika kwa siri. Watu walioilinda meza yao kwa gharama hiyo hawahitaji tuwaigizie. Anayetaka kuijua Pasaka ya Wayahudi, awaulize Wayahudi wenyewe.

Hata hivyo kijana ana haki yake, na sipendi inavyozimwa kwa mwalimu kushinda hoja ya historia. Anachosema ni kwamba tunakula bila kujua. Mkristo asiyejua sura ya 12 ya Kutoka hawezi kuelewa yaliyotokea Alhamisi ile usiku, maana Yesu hakuanzisha karamu mahali patupu. Alichukua mlo wa watumwa waliokuwa mbioni kuondoka akasema, huu sasa ni mimi.

Injili zenyewe hazikubaliani juu ya siku. Kwa Mathayo, Marko na Luka, karamu ile ni mlo wa Pasaka. Kwa Yohana, Pasaka haijafika bado: Yesu anahukumiwa siku ya maandalio, na baada ya kufa askari hawamvunji mifupa, kama Kutoka 12 inavyoagiza juu ya mwanakondoo. Wataalamu wamejaribu kuzipatanisha hesabu hizi kwa kalenda za kila namna. Mimi ningeziacha zilivyo. Watatu wanamwonyesha Yesu akiwa baba wa nyumba, anayegawa mkate na kueleza maana yake. Yohana anamwonyesha akiwa ndiye anayeliwa. Paulo, aliyewaandikia Wakorintho miaka ya 50, kabla Injili yoyote haijaandikwa, anayashika yote mawili katika barua moja: mahali pamoja anamwita Kristo mwanakondoo wa Pasaka aliyechinjwa, mahali pengine anasimulia jinsi alivyotwaa mkate usiku wa kusalitiwa.

MSABATO: Nyinyi mnabishana kuhusu Alhamisi moja kwa mwaka. Sisi Meza ya Bwana tunaiandaa kila robo mwaka, na kabla ya kula tunaoshana miguu, kila mtu na mwenzake, kama Yohana 13 inavyoeleza. Mkate wetu hauna chachu, na maji ya zabibu hayajachacha. Kwetu chachu ni mfano wa dhambi, kwa hiyo haitiwi popote, katika mkate wala katika kikombe. Kwenu padri anaosha miguu ya watu 12 mara moja, na wengine mnatazama.

MAMA WA JUMUIYA: Tena hao 12 walikuwa wanaume watupu mpaka mwaka 2016, Papa Fransisko aliporuhusu na wanawake. Na sisi ndio tunaoosha miguu ya wagonjwa mwaka mzima.

MWINJILISTI: Ndugu zangu, hayo yote ni ya Agano la Kale. Mwanakondoo amekwisha kuchinjwa msalabani, damu yake inatosha. Kinachonihusu mimi ni damu mlangoni. Waisraeli walipaka damu kwenye miimo, mharibifu akapita. Leo hii watu wetu wanasumbuliwa na nguvu za giza. Tunawaambia wapake mafuta kwenye milango yao usiku wa Pasaka, na wanapona.

MWALIMU WA DINI: Na mafuta hayo wanayapata bure?

MWINJILISTI: Mwenye imani hatoi mkono mtupu.

Hapa nasema kwa nguvu zangu zote: hapana. Damu ile haikuwa hirizi ya kuning'iniza mlangoni. Soma sura yote. Kabla ya damu kuna watu kukutana, kuhesabiana, kuchagua mnyama na kumtunza siku nne. Baada ya damu kuna kula pamoja, viatu miguuni na fimbo mkononi, na alfajiri kuna kuondoka. Alama ya mlangoni ilikuwa ya nyumba ambayo ndani yake watu wameamua kutoka katika utumwa wakiwa pamoja. Ukiichomoa damu kutoka kwenye mlo na safari, ukaiuza kwa chupa, umewarudisha watu kwenye hofu ileile Mungu alimowatoa, na sasa unawatoza kiingilio. Mjane anayenunua mafuta ya mlangoni kwa fedha ya unga hajapitiwa na mharibifu. Mharibifu amekaribishwa ndani.

Kuhusu tofauti za siku na namna, Wakristo wa kwanza walikwisha kugombana kuliko sisi. Yapata mwaka 155 Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kuonana na askofu Aniketo. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, siku yoyote ya juma itakayoangukia; Roma ilishika Jumapili. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Aniketo akampa Polikarpo nafasi ya heshima kuongoza Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Miaka ya 190 askofu Viktori wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa jambo hilohilo, Irenei wa Lyon akamsihi asifanye hivyo, akimkumbusha maaskofu wale wawili. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikubaliana juu ya Jumapili, lakini mpaka leo Waorthodoksi mara nyingi wana Jumapili yao, na Mashahidi wa Yehova wanaendelea na tarehe 14 Nisani baada ya jua kuzama. Tarehe haijawahi kuwa ndiyo kiini.

KIJANA: Basi mwalimu, kama hutaki meza ya Kiyahudi, tuwe na ya kwetu. Ngano hailimwi Naliendele, wala zabibu. Kwa nini mkate usiwe wa muhogo?

MWALIMU WA DINI: Kwa Misa, Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka mkate wa ngano na divai ya zabibu. Siwezi kuibadilisha mimi, wala paroko hawezi. Lakini usidhani Kanisa la kusini liliogopa mila. William Vincent Lucas wa UMCA, misheni ya Waanglikana, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alilichukua jando akalipa sala za Kikristo badala ya kulipiga vita. Na hapo yupo karibu na Pasaka kuliko unavyofikiri. Kutoka 12 inasema asiyetahiriwa asile; mgeni akitaka kula, atahiriwe kwanza na watu wake wote. Yoshua naye alipovuka Yordani aliwatahiri watu kule Gilgali, ndipo wakala Pasaka. Jando kwanza, mlo baadaye. Kwetu Wakristo ubatizo umechukua nafasi hiyo, ndiyo maana wakatekumeni wanabatizwa Mkesha wa Pasaka na kupokea usiku uleule.

Mwalimu amesema kweli, na watu wa Mtwara wataielewa haraka kuliko wasomaji wa vitabu vya Ulaya. Lakini ningemwomba aende mbali zaidi, kwa sababu kusini hii ina historia inayomgusa Musa moja kwa moja. Mikindani, tuliyo nayo manispaa moja, ilikuwa bandari ya kusafirishia watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi na kupanda bara kwa miguu. Nia ya awali ilikuwa kuwafikisha nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaipenda ardhi na kukaa hapo. Kanisa la Masasi lilianza na watu hao. Hawakuwa kabila moja wala ukoo mmoja, kama lilivyokuwa kundi la watu mchanganyiko lililotoka Misri pamoja na Waisraeli. Walipopiga magoti kupokea mkate, hakuna aliyelazimika kuwaeleza utumwa ni nini. Miguu yao ilikwisha kutembea njia ya kwenda sokoni, kisha ikatembea njia ya kurudi. Sijui kwa nini tunahangaika kutafuta picha za Pasaka kwenye simu wakati kisa hiki kiko mwendo wa saa chache kwa basi.

Na haraka ya mlo ule, ile ya kula umefunga mkanda, nayo tunaijua. Tarehe 24 Machi 2021 waasi waliushambulia mji wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Pasaka ya Wayahudi mwaka ule ilianza jioni ya 27 Machi. Alhamisi Kuu ilikuwa 1 Aprili. Katika siku hizohizo watu walikuwa wanakimbia Palma kwa mashua na kwa miguu, wengine wakielekea mtoni, upande wetu. Wamakonde wapo kingo zote mbili za mto huo. Waisraeli walibeba unga uliokandwa kabla haujaumuka kwa sababu hapakuwa na muda; hiyo ndiyo asili ya mkate usiotiwa chachu. Aliyepokea hostia Alhamisi ile hapa Mtwara alipokea chakula cha wakimbizi, na wakimbizi walikuwa ng'ambo ya mto.

MAMA WA JUMUIYA: Naomba nami nisikilizwe, maana chakula ni kazi yangu. Mwalimu, fungua Kutoka 12, mstari wa nne.

MWALIMU WA DINI: Unasema kwamba nyumba ikiwa na watu wachache, wasioweza kummaliza mwanakondoo mmoja, mwenye nyumba amshirikishe jirani wa karibu, na wahesabu kwa kadiri ya ulaji wa kila mtu.

MAMA WA JUMUIYA: Mstari wa tano?

MWALIMU WA DINI: Anaweza kutwaliwa katika kondoo au katika mbuzi.

MAMA WA JUMUIYA: Sasa sikieni. Mbuzi tunao. Mboga chungu tunayo. Mchunga unaota wenyewe mashambani msimu huu wa mvua. Kitu tusichonacho ni fedha, kwa sababu minada ya korosho huanza Oktoba, na ikifika Machi au Aprili ile fedha imekwenda kwenye ada na madeni. Hakuna nyumba katika jumuiya yangu inayoweza kuchinja peke yake wakati huu. Nyumba mbili tatu zikichanga, inawezekana. Na yule bibi anayekaa peke yake na mjukuu, nyumba yake ndiyo ndogo iliyotajwa hapo. Mungu alimfikiria yeye kabla hajafikiria damu; mstari wa nne uko mbele ya wa saba. Nyinyi mmezungumza tangu tulipoketi, hakuna aliyemtaja.

Baada ya maneno hayo mjadala kwangu ulikuwa umegeuka. Mama ameishika amri ambayo wahubiri wengi huiruka. Pasaka ya kwanza ilipimwa kwa walaji. Mnyama hakutakiwa kubaki mpaka asubuhi, kwa hiyo hapakuwa na akiba wala mwenye kujirundikia. Asiyejiweza aliingia kwa jirani kwa amri ya Mungu, kama mlaji mwenye haki yake. Na kosa lililomkasirisha Paulo kule Korintho lilikuwa hilohilo: wenye nacho walitangulia kula na kulewa, wasio nacho wakakaa na njaa, halafu wote wakaita mkutano ule Meza ya Bwana. Paulo aliwaambia waziwazi kwamba wanachokula si Meza ya Bwana. Hakulalamikia aina ya mkate.

Kwa kipimo hicho mwalimu naye ana deni. Ameikataa meza ya kuazima kwa sababu nzuri, lakini hajatoa jibu kwa bibi na mjukuu wake. Kanisa linaloadhimisha Misa ya Karamu ya Bwana kwa uvumba na nyimbo huku nyumba tatu za kigango zimelala bila kula halijashika Pasaka, hata kama rubriki zote zimefuatwa.

JIRANI MWISLAMU: Mtaniwia radhi kuingia. Habari za Musa na sisi zinatuhusu. Tunafunga Ashura, 10 Muharram. Mtume aliwakuta Wayahudi wa Madina wanaifunga kwa sababu Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa na Firauni siku ile. Na katika Suratul Maida wanafunzi wa Nabii Isa wanaomba washushiwe meza ya chakula kutoka mbinguni. Alhamisi Kuu ya mwaka 2024, tarehe 28 Machi, ilikuwa ndani ya Ramadhani. Nyinyi mlikuwa kanisani, sisi tunafuturu. Sitakula ibada yenu, nanyi hamtasali yangu. Lakini jirani wa karibu aliyetajwa hapo mstari wa nne, kitabu kimesema awe wa dini gani?

MWALIMU WA DINI: Kwa mlo wenyewe wa Pasaka, jirani, kitabu kiliweka mpaka: wageni wasile mpaka waingie katika agano. Kwetu ndiyo hivyo kwa Ekaristi. Siwezi kukudanganya.

JIRANI MWISLAMU: Sijaomba Ekaristi, mwalimu. Nimeuliza habari ya mbuzi.

MAMA WA JUMUIYA: Mbuzi utakula, jirani. Nawe utakuja kutuchinjia, ili kila mtu ale kwa amani.

Msimamo wangu ni huu. Tusiigize meza ya Kiyahudi Naliendele. Maana ya Kikristo ya Pasaka imekaa katika Ekaristi, kwa wale waiitao hivyo, na katika Meza ya Bwana, kwa wale waiitao hivyo: Kristo ndiye mwanakondoo, na walao ni watu waliotolewa utumwani, waliokubali kuhesabiwa pamoja. Hesabu hiyo haionekani kanisani peke yake. Kwa hiyo mchana wa Alhamisi Kuu, kabla ya ibada ya jioni, kila jumuiya, kila usharika, kila kikundi cha nyumbani kiunganishe nyumba zake ndogo na kula pamoja: mbuzi akipatikana, mchunga, ugali wa muhogo ambao hakuna kanuni inayoukataza mahali hapo. Mtoto aulize kwa nini siku hii ni tofauti, maana Kutoka 12 yenyewe inasema watoto watauliza, na mtu mzima amjibu kwa kumsimulia Misri, Masasi ya 1876 na Palma ya 2021. Kisha waende kanisani, kila mtu kwake.

Waisraeli walitakiwa kumchagua mnyama siku ya 10 ya mwezi na kumchinja siku ya 14. Kutoka Jumapili ya Matawi mpaka Alhamisi Kuu nako ni siku nne. Wenyeviti wa jumuiya na wazee wa usharika, Jumapili hiyo, matangazo yakimalizika, hesabuni nyumba zenu, na muanze na zile zenye mtu mmoja.